Kushoto, Nimesema Kushoto

Sijui nani aliiambia kompyuta kwamba kila kioo cha pili duniani hukaa upande wa kulia. Chomeka monita kwenye laptopu yenye Windows uone. Haipigi hodi, haiulizi. Inajichorea ramani yake, inakibandika kioo kipya kulia kwa kile cha zamani, halafu wewe mwenye nyumba ndiye unayetakiwa kuhamisha fanicha ili ramani isiaibike.

Kwangu, Tabata, kulia kwa meza kuna friji. Friji halihami, kwa sababu soketi inayolifaa ni hiyo moja, na kwa sababu mwenye friji ni mke wangu. Kwa hiyo monita iko kushoto, karibu na dirisha, juu ya vitabu viwili vinene vya sheria za kodi, na hiyo ndiyo faida pekee niliyowahi kuipata kwa vitabu hivyo. Mtu yeyote akiingia sebuleni anaona: laptopu kulia, monita kushoto. Mtoto wa jirani aliye chekechea anaona. Kompyuta haioni. Nikitaka kuupeleka mshale wa mausi kwenye monita nausukuma kushoto, unagonga ukingo na kuganda hapo. Nikiusukuma kulia, unazama ndani ya friji na kuibukia mwisho kabisa wa monita, upande wa dirishani. Mahali palipo shubiri moja kutoka kidole changu napafikia kama mtu wa Tabata anayekwenda Segerea kwa kupitia Kigamboni.

Wapo wanaoniuliza vioo viwili vya nini. Nahariri ripoti za watu. Kioo kimoja kina ripoti, kingine kina maoni ya wakubwa walioisoma ripoti hiyo na kupingana wao kwa wao kila ukurasa. Bila kioo cha pili nashinda nikifungua na kufunga madirisha, na jioni kiganja kinaniuma bila jeraha la kumwonyesha daktari. Kioo cha pili si anasa. Anasa ni kile cha tatu, nacho nitakifikia.

Kila nyumba ina mtaalamu wake wa kompyuta. Wa kwetu ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye elimu yake yote katika fani hiyo ina maneno mawili. "Shem, zima, washa." Nazima, nawasha, kioo bado kiko ndani ya friji. Shemeji hajui, na ukimweleza hasikilizi, kwamba Windows huweka kumbukumbu ya mpangilio kwa kila kundi la vioo ulivyowahi kuvichomeka. Monita ya nyumbani ina mpangilio wake, ya ofisini wake, televisheni wake. Mashine ikishakariri ujinga, kuizima ni kuipa usingizi mnono tu.

Dawa yenyewe ni nyepesi, na wepesi huo ndio unaonikera. Unabonyeza kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu, unafungua mipangilio ya skrini, unakuta visanduku viwili, kimoja kimeandikwa 1 na kingine 2. Kuna kitufe cha utambulisho. Ukikibonyeza, kila kioo kinatokeza namba yake kubwa kwa sekunde chache ili ujue nani ni nani. Unashika kisanduku cha monita, unakiburuta mpaka kushoto kwa mwenzake, unakubali. Kwisha. Namba zenyewe usizitilie maanani. Moja haina maana ya mkubwa, wala ya wa kwanza kutoka kushoto. Cheo cha kioo kikuu hutolewa kwa kuweka alama ya vema kwenye kisanduku kingine, huko chini ya ukurasa ambako watu hawafiki.

Sasa nauliza: kama dawa ni kuburuta kisanduku, ingekuwa taabu gani kuuliza swali moja? "Mzee, kioo umekiweka upande gani?" Mishale minne, kushoto, kulia, juu, chini, nabonyeza mmoja, tunaendelea na maisha. Na mashine haiwezi kudai kwamba monita haikujitambulisha. Tangu mwaka 1994 kuna utaratibu unaoitwa EDID, uliowekwa na VESA, chombo cha watengenezaji wa vifaa vya picha, ambao kwa huo monita ikichomekwa tu inajieleza yenyewe kupitia waya: imetengenezwa na nani, ni ya toleo gani, inamudu nukta ngapi, kioo chake kina sentimita ngapi kwa upana na kwa kimo. Inataja hadi mwaka wa kutengenezwa. Kompyuta yangu, kwa hiyo, inajua umri wa monita kuliko ninavyoujua mimi niliyeinunua Kariakoo kwa mtu aliyeapa kwamba imetoka Dubai juzi. Umri inaujua. Iko upande gani wa meza, haijui na haina hamu ya kujua.

Wala jambo lenyewe si geni. Macintosh II ya mwaka 1987 iliweza kutumia vioo kadhaa kwa pamoja. Windows 98 ilipotoka, ilijigamba kwamba inaweza kuhudumia hadi vioo 9. Tisa! Mtoto aliyezaliwa mwaka huo leo ana ndevu na mkopo wa benki, na bado watu wanachomeka kimoja tu na kupotelewa na mshale.

Nikaburuta kisanduku. Mshale ukaanza kwenda kushoto kama binadamu. Nikadhani yamekwisha, kumbe nilikuwa sijafika kwenye suala la kimo.

Laptopu yangu ni ya zile za nukta 1366 kwa 768, kioo ambacho wauzaji walikimwaga duniani kwa miaka mingi bila huruma. Monita ni ya 1920 kwa 1080. Kompyuta, ambayo tumekubaliana kwamba inavijua vipimo kwa sentimita, kwenye ramani yake haitumii sentimita. Inahesabu nukta. Kwa hiyo kisanduku cha monita ni kirefu kuliko cha laptopu kwa nukta 312, na popote ambapo monita haina jirani wa kugusana naye, pana ukuta. Ukilinganisha visanduku kwa juu, basi sehemu ya chini ya monita, karibu theluthi nzima ya kimo chake, haina njia ya kuvuka. Unautoa mshale pale chini kwenye monita, unausukuma kwa nguvu zote uende kwenye laptopu, umenasa. Mausi nzima kabisa, betri mpya, meza safi. Nimeshawaona watu wazima wakiipiga mausi mezani kwa sababu ya ukuta huo, na baadaye wakanunua mausi nyingine. Wauza mausi wanaijua siri hii, nina hakika.

Wengi huishia hapo. Lakini visanduku vile unaweza kuvipandisha na kuvishusha pia, si kuvisogeza kushoto na kulia tu, na hapo ndipo panapohitaji subira. Keti kama unavyoketi siku zote, tazama mstari wa chini wa monita unakutana na wapi kwenye laptopu kwa macho, kisha shusha kisanduku cha laptopu mpaka kifanane na hali halisi. Ukifanya hivyo ukuta unahamia juu, na ukuta wa juu, ajabu, ni mtamu. Ile alama ya kufungia dirisha iko pembeni juu kulia. Penye ukuta, unausukumia mshale huko bila kulenga, unasimama wenyewe kwenye kona, unabonyeza. Pasipo na ukuta, unapitiliza na kuingia kwenye laptopu, unarudi, unapitiliza tena. Jambo hili sijawahi kulikuta kwenye maelekezo yoyote, na nalitoa hapa bure.

Tuje kwenye madirisha yanayopotea. Kompyuta huhesabu sifuri kutoka kona ya juu kushoto ya kioo kikuu. Kwenda kulia namba zinapanda. Kwenda kushoto ni hasi. Monita yangu, kwa kuwa ilikuwa kushoto kwa laptopu, ilianzia hasi 1920, na kuna programu ambazo waliozitunga hawakuwahi kufikiri kwamba kuna watu wanaishi kushoto kwa sifuri. Menyu ya programu hizo unaifungua kwenye monita, inafungukia kwenye laptopu. Nyingine zina ugonjwa wa pili: zinakumbuka mahali zilipofungiwa. Nikiichukua laptopu peke yake kwenda nayo mkutanoni, nikafungua jedwali la mahesabu mbele ya watu, jedwali linafungukia kwenye monita iliyobaki nyumbani. Alama yake pale chini inawaka. Jedwali liko wazi kabisa, kwa mujibu wa kompyuta, mahali fulani hewani kushoto kwa mwenyekiti.

Kwa wale wenye mkutano kesho: chagua dirisha hilo kwa Alt na Tab, bonyeza Alt pamoja na kitufe kirefu cha nafasi, kisha M, kisha mshale wowote wa kibodi, halafu tikisa mausi. Dirisha litakuja limeng'ang'ania mshale. Si programu zote zinazotii, ila nyingi za zamani zinatii.

Ili niachane na hizo hasi, niliipa monita cheo cha kioo kikuu. Kona yake ikawa sifuri, laptopu ikahesabiwa kwenda kulia, programu zote zikatulia. Ukakatika umeme.

Hapa lazima nieleze taratibu, maana wenzetu wa nchi ambazo umeme haukatiki hawawezi kuuelewa msiba huu. Laptopu ina betri. Monita haina. Umeme ukiondoka, monita inakuwa nyeusi na laptopu inabaki imewaka. Mtu mwenye akili angetarajia laptopu ishtuke na kusema, mwenzangu amezimika, hebu niyakusanye madirisha. Sasa ndani ya waya wa HDMI kuna njia mbili ndogo: moja inapeleka volti 5 kutoka kwenye kompyuta, nyingine inarudisha habari kwamba upande wa pili kuna mtu. Kwenye monita nyingi habari hiyo inarudishwa kwa umeme ule ule wa kompyuta. Maana yake, kompyuta inapeleka volti zake, zinazunguka, zinarudi, nayo inajiridhisha kwamba monita ni nzima. Inaendelea kuchora. Ripoti yangu, kitufe cha kuhifadhi, na hata kile kidirisha kinachouliza "Je, unataka kuhifadhi?" vyote viko kwenye kioo kikuu, gizani, vikinisubiri mimi. Kwenye laptopu nimeachiwa picha ya mandhari ya mlima.

Shemeji akapiga simu wakati huo huo kuuliza kama na kwetu umekatika. Nikamweleza masaibu. Akasema nizime, niwashe.

Dawa ni kuung'oa waya. Ukishaung'oa, habari hazirudi tena, na madirisha yote yanakimbilia kwenye laptopu yakiwa yamebanana. Umeme ukirudi, unachomeka, nayo yanabaki pale pale yalipokimbilia. Unayahamisha moja moja kwa kubonyeza kitufe cha Windows, Shift na mshale wa kushoto. Mwenzangu mmoja ofisini ana tatizo la kinyume. Yeye anatumia DisplayPort, na monita yake ikizimwa inahesabika imeondoka duniani, kwa hiyo akienda kunywa chai na kuizima kwa nidhamu ya kubana matumizi, akirudi anakuta madirisha yamerundikana kwenye laptopu. Tunaoneana huruma kila mmoja kwa lake.

Tiba ya madirisha kurudi kwao ipo. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inakumbuka kila dirisha lilikuwa kwenye kioo gani, na kioo kikirudi inalirudisha. Nikaiomba kompyuta yangu ipande daraja. Ikanijibu kwamba haistahili: prosesa yake haimo kwenye orodha, na chipu ya usalama haifikii kiwango. Yaani tiba imepatikana ila mgonjwa ni mzee. Windows 10 niliyobaki nayo waliistaafisha tarehe 14 Oktoba 2025, bila kiinua mgongo.

Kuhusu nyaya nitasema kidogo, maana nikisema zaidi nitatukana. VGA, iliyoletwa na IBM mwaka 1987, ilikuwa na pini 15 na skrubu mbili, na ukishaifunga skrubu hata paka akipita juu yake picha haiyumbi. Pini ikipinda ulijua: ikikatika ya bluu kila kitu kinakuwa cha manjano, unanyoosha kwa ncha ya kisu, unaendelea. Ugonjwa ulionekana kwa macho. Leo kuna USB-C, lililoingia mwaka 2014, tundu dogo la mviringo linalofanana kila mahali na kufanya kazi tofauti kila mahali. La kompyuta hii linapitisha picha, la ile linapitisha data tu, la nyingine linachaji tu. Kwa nje ni mapacha. Watengenezaji wengine wana utu, wanachora pembeni kialama cha herufi D iliyokumbatia P, ujue picha inapita. Wengine wanakuachia ubahatishe.

Nilikwenda Kariakoo kutafuta adapta ya kutoka USB-C kwenda HDMI, kwa ajili ya kile kioo cha tatu. Kijana wa dukani akaipokea laptopu yangu kwa heshima zote, akachomeka adapta, ikaingia kwa mlio mtamu.

"Inaingia, bosi."

"Picha inatoka?"

"Bosi, si umeona imeingia?"

Picha haikutoka. Tundu langu ni lile la data. Kijana akasema basi kuna nyingine, za DisplayLink, zinazoibana picha na kuipitisha kwenye USB ya kawaida kwa msaada wa programu. Bei yake ilikaribia ile niliyolipa kwa monita. Nikamshukuru.

Nikaamua kioo cha tatu kiwe televisheni, kwa HDMI ile ile, monita ipumzike. Televisheni ikaikata picha pembeni pande zote nne. Hii ni tabia ya enzi za televisheni za chogo, ambazo kingo za picha hazikuwa za kuaminika, kwa hiyo zikawa zinaikuza picha kidogo na kuzificha kingo nyuma ya fremu. Zile za chogo tumeshazigawa kwa mafundi, tabia imerithiwa. Upau wa chini wote uliishia ndani ya plastiki. Ukiikuta hali hiyo, kompyuta usiiguse. Shika rimoti, tafuta kwenye mipangilio ya picha mahali pa ukubwa, uchague ile inayoacha nukta moja iwe nukta moja. Kila kampuni imeipa jina lake, ili usiipate.

Nilipoipata, mama mkwe alikuwa ameshawasili kutoka Tanga na tamthilia yake ilikuwa inakaribia. Nikaung'oa waya, nikampisha, nikampa shikamoo yake. Tamthilia ilipokwisha nikachomeka tena ili nimalizie kazi. Kumbuka nilivyosema kuhusu kumbukumbu za mashine. Mke wangu aliwahi kuitumia laptopu hiyo kuonyesha picha za harusi ya dada yake, na picha za harusi huonyeshwa kwa mtindo wa kioo kimoja kukiigiza kingine. Kompyuta ikakariri: televisheni hii, tunaiga. Mimi nimeketi nimeipa televisheni mgongo, naitazama laptopu, najua ninachokifanya ni siri yangu na shemeji. Tulikuwa tunajadiliana kwa maandishi kama friji lile likiuzwa, na soketi ikibaki wazi, monita si ingeweza kukaa kulia kama kompyuta inavyotaka.

"Baba," mama mkwe akaniita kwa upole, "friji lina nini?"

Kitufe cha Windows pamoja na P. Kinaleta orodha ya mitindo minne: laptopu peke yake, kuiga, kutandaza, kioo cha pili peke yake. Vidole vyangu sasa vinakijua kitufe hicho usingizini. Kwa saa ile, hata hivyo, viliupata kwanza ule wa nne, laptopu ikawa giza, na mazungumzo yote yakabaki kwenye televisheni ya inchi 43, na shemeji, ambaye hana habari, alikuwa ndiyo kwanza anaandika bei.

Wiki iliyofuata nikarudi Kariakoo kwa yule kijana. Nikamweleza kwamba sitaki tena vioo viwili, sitaki kushoto wala kulia, nataka amani. Akaniingiza dukani ndani kabisa, akanionyesha kimoja kipana, inchi 34, nukta 3440 kwa 1440, kimepinda kidogo kukukumbatia. Ripoti kushoto, maoni kulia, ukuta hakuna. Nikakitazama kwa muda. Nikauliza bei, akaitaja, nikajifanya sikusikia. Nikauliza sasa kama laptopu yangu ya umri huu, na HDMI yake ya umri huu, itakimudu kwa ukamilifu au itakisukuma kwa kugugumia.

Kijana akauchukua waya, akaitazama ncha yake, akalitazama tundu la laptopu yangu.

"Inaingia, bosi."